Mtaka Riwaya Sharti Ainame

"Maliza kwanza ulivyonavyo." Nimeambiwa hivyo na shemeji yangu, nimeambiwa na walimu wenzangu wakati wa chai, na mwezi uliopita nimeambiwa na binti yangu aliye kidato cha pili, huku anaokota vitabu vilivyoporomoka kutoka kwenye stuli ya kando ya kitanda changu. Rundo lile lina vitabu 34 ambavyo bado sijavisoma. Karibu vyote ni riwaya za upelelezi, na zaidi ya nusu ni za waandishi ambao sijapata kusoma hata ukurasa wao mmoja.

Ushauri huo una sura ya busara, ndiyo maana unapita mdomo kwa mdomo bila mtu kuukagua. Unadai kwamba anayenunua kitabu akakiweka ni mpotevu wa fedha, au anataka wageni wamwone msomi. Unadai kwamba msomaji wa kweli hushika kimoja, akakimaliza, ndipo akatoka kutafuta kingine. Na vitabu vyenyewe vikiwa vya upelelezi lawama inakuwa mara mbili, kwa sababu hapo, wanasema, hata ukivimaliza vyote hukupata kitu. Napinga yote mawili, na nayapinga kwa pamoja kwa kuwa moja linalishwa na jingine. Anayedharau riwaya ya upelelezi haoni hasara yoyote ikipotea, kwa hiyo haoni kwa nini mtu aikimbilie.

Wanaonipa ushauri huu hawajawahi kuitafuta riwaya ya Kiswahili ya mwaka 1965.

Mimi nimeitafuta. Jumamosi moja, miaka mingi iliyopita, nilikuwa napita Barabara ya Samora, pale wauza vitabu vya mtumba wanapotandaza turubai chini ya baraza za maghorofa ya zamani. Kati ya vitabu vya uhasibu na Biblia zilizochakaa nikaiona Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, toleo la kale, jalada limepauka, mgongo umeungwa kwa gundi ya mbao. Nikainama, nikaichukua, nikasoma ukurasa wa kwanza nimesimama. Fedha nilikuwa nayo. Lakini nyumbani nilikuwa na vitabu tisa visivyosomwa, na wiki hiyohiyo nilikuwa nimejiwekea nadhiri ya kutonunua kingine mpaka viishe. Nikamrudishia muuzaji, nikamwambia nitakuja wiki ijayo. Akanijibu bila hata kuinua uso, "Dada, hivi vitabu havina wiki ijayo."

Jumamosi iliyofuata hakikuwepo. Hakikuwepo mwezi ule, wala mwaka ule. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Methali hii nilikuwa nawafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, na siku ile nikaishindwa. Kitabu hicho nilikuja kukisoma baada ya miaka saba, kwa kuazima kwa mwalimu mstaafu wa Tanga ambaye alinipa siku mbili tu na akanipigia simu kila jioni kuuliza kama kiko salama. Sikumlaumu. Alikuwa anajua thamani ya alichonacho.

Kwa nini kitabu maarufu kiasi hicho kinakuwa adimu hivyo? Sababu zipo, na hazina uhusiano wowote na uvivu wa wasomaji. Simu ya Kifo ilitolewa na East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji lililoanzishwa na serikali za kikoloni mwaka 1948 na baadaye likawa chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Shirika hilohilo ndilo lililokuwa limetoa Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla mwaka 1960. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977, na shirika nalo halikusalimika. Kwa upande wa Kenya likarithiwa na Kenya Literature Bureau mwaka 1980. Sasa fikiria riwaya iliyozaliwa katika nyumba ya nchi tatu, halafu nyumba ikabomoka. Nani ataisimamia? Nani ataichapa tena, na kwa faida gani, wakati shule hazijaiagiza?

Hapo kwenye shule ndipo penye kiini cha jambo. Wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya kiada na vile vilivyoteuliwa kwa mitihani. Muulize Mtanzania aliyemaliza kidato cha nne miaka kumi au kumi na mitano iliyopita ni riwaya gani za Kiswahili anazozijua. Atakutajia Takadini, Watoto wa Mama N'tilie na Joka la Mdimu, kwa mpangilio uleule, kama anaitika jina darasani. Ni vitabu vizuri, nami nimevifundisha. Lakini riwaya ambayo haimo kwenye orodha ya mtihani huchapwa mara moja, huuzwa polepole, kisha huzimika. Haitangazwi kwamba imekwisha. Siku moja unaiulizia dukani na kijana wa kaunta hajawahi kusikia jina lake.

Linganisha na Uingereza. Agatha Christie alitoa The Murder of Roger Ackroyd mwaka 1926. Msomaji wa London akiamua leo kwamba hatainunua mpaka amalize vitabu vyake vyote, hata ikimchukua miaka ishirini, ataikuta dukani inamsubiri, ikiwa na jalada jipya. Kwa mtu huyo, "maliza kwanza ulivyonavyo" ni ushauri wa maana kabisa. Duka lenyewe ni ghala lake. Sisi hatuna duka la namna hiyo. Rundo la kando ya kitanda ndilo ghala, na kila mwenye rundo anahifadhi sehemu ndogo ya maktaba ambayo haijawahi kujengwa mahali pengine. Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakusema akiba iliwe yote kabla ya mavuno mengine.

Mtu ataniambia: nenda maktaba. Naenda. Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, iliyofunguliwa mwaka 1967, ni mahali ninapopapenda, na ningetamani kila mkoa uwe na mfano wake. Lakini mtu yeyote aliyezoea maktaba zetu anajua ni vitabu gani vinavyotoweka kwanza. Vya sheria vinabaki. Vya kilimo vinabaki. Vya upelelezi vinaazimwa na havirudi, au vinarudi bila kurasa. Huo ni ushahidi wa mapenzi, mapenzi mabaya bila shaka, lakini yanawakanusha wale wanaosema Waswahili hawapendi kusoma.

Sasa nije kwenye dharau yenyewe. Katika vitabu vyetu vya nadharia ya fasihi, riwaya hugawanywa makundi mawili: riwaya dhati na riwaya pendwa. Mgawanyo huo umeingia vichwani mwa wanafunzi kama mgawanyo wa chakula na pipi. Riwaya dhati inafikirisha, riwaya pendwa inapitisha muda. Na ya upelelezi, bila kuulizwa, inawekwa kwenye pipi. Wengine wameenda mbali zaidi na kuziita chapwa. Nimekaa vikao vya walimu ambamo mtu alikiri kusoma riwaya za upelelezi za Ben Mtobwa kwa namna ambayo mtu hukiri kosa.

Huwa najiuliza kama wanaosema hivyo wamemsoma Bwana Msa kwa makini. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alikuwa mtu wa magazeti Unguja, na mwaka 1958 alikuwa mhariri wa jarida la Mkulima. Akamtunga mpelelezi mwenye kiko, rafiki yake Najum pembeni, na akamweka katika jamii ambayo maiti ikionekana penye mzimu, watu wana jibu tayari kabla hata mwili haujapoa. Bwana Msa hamkejeli mtu yeyote kwa imani yake. Anawasha kiko, anauliza nani alikuwa wapi saa ngapi, anatazama kilichopo na kisichokuwepo, na mwisho jibu la mzimu linageuka kuwa jibu la mtu mwenye jina, mwenye tamaa na mwenye siri. Hilo si jambo dogo. Katika nchi ambazo bibi kizee anaweza kuuawa kwa sababu ya macho mekundu na uvumi wa jirani, kitabu kinachomfundisha msomaji kudai ushahidi kabla ya kutaja mkosaji kina kazi nzito kuliko nusu ya hotuba ninazozisikia. Nimewasomesha wanafunzi wangu sura za Bwana Msa nje ya muhtasari, na nimeona darasa la watoto 60 likibishana kuhusu nani alikuwa na sababu ya kuua na nani alikuwa na nafasi tu. Walikuwa wanafikiri. Hakuna aliyewaamuru.

Kuna pia tuhuma ya kuiga. Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevalishwa kanzu, Willy Gamba wa Elvis Musiba ni James Bond wa Dar es Salaam, na kila kinachobaki ni James Hadley Chase, yule ambaye baba zetu walimsoma mpaka vitabu vyake vikawa laini kama kitambaa. Sawa. Na Holmes, aliyetokea mwaka 1887, alitoka wapi? Mmarekani Edgar Allan Poe alikuwa amekwisha kumtunga Dupin wake tangu 1841. Na Chase huyo alikuwa Mwingereza aliyeandika visa vya majambazi wa Marekani bila kuwahi kuishi huko, akitegemea ramani na kamusi za misemo ya mitaani. Ufundi huu umekuwa wa kupokezana tangu siku ya kwanza. Swali la haki ni mtu amefanya nini na alichopokea. Musiba alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, Dar es Salaam ikiwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wapigania uhuru wa kusini wanapishana mitaani, na majasusi pia. Akamchukua jasusi wa kuigiza wa Kizungu, aliyekuwa akiilinda himaya, akampa kazi ya kuwalinda wanaoivunja. Huko ndiko kuiga?

Lakini hapa nina ugomvi na wa upande wangu pia, na huenda ndio unaoniuma zaidi. Wapo wapenzi wa upelelezi, watu ninaowaheshimu, ambao rundo lao halikui kwa sababu wameamua kwamba orodha imefungwa. Bwana Msa, Wingo wa Katalambulla, Willy Gamba, Joram Kiango wa Mtobwa. Baada ya Mtobwa kufariki mwaka 2008, wanasema, mlango ukafungwa. Wanasoma Tutarudi na Roho Zetu? kwa mara ya tano na wanalalamika kwamba hakuna waandishi. Ukiwapa Mkimbizi ya Hussein Tuwa wanaipima kwa mkono kama nyanya sokoni, wanairudisha. Ukiwatajia Erick Shigongo wanasema huyo ni wa magazeti, kana kwamba hadithi za kutolewa wiki kwa wiki hazikulea wasomaji wa mji huu kwa miaka mingi. Na vijana wanaoandika leo, wanaotuma visa vyao kwa simu sehemu baada ya sehemu, mwisho wa kila sehemu mtu amenyooshewa bastola na msomaji anaambiwa asubiri kesho, hao hawahesabiwi kabisa.

Waambieni watu hawa kwamba kila jina wanaloliabudu liliwahi kuwa jina jipya. Mzimu wa Watu wa Kale ulijulikana kwa sababu ulishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950. Maana yake kulikuwa na watu waliokaa na miswada ya watu wasiojulikana, wakaisoma. Kama wangesema tutamaliza kwanza tulivyonavyo, Bwana Msa asingezaliwa, wala visa vyake vingine visingefuata, kuanzia Kisima cha Giningi ya mwaka 1968 hadi Kosa la Bwana Msa ya 1984. Mwandishi wa upelelezi hukomaa kitabu baada ya kitabu, na anahitaji kitabu cha kwanza kinunuliwe na mgeni ili kuwe na cha pili. Ninaponunua riwaya ya mtu nisiyemjua, hata nikikaa nayo mwaka bila kuifungua, fedha yangu imekwisha kumfikia aliyeichapa. Yeye haulizi kama nimefika sura ya tatu.

Nakubali kwamba hoja hiyo haifanyi kazi kwa vitabu vya mtumba, ambavyo mwandishi hapati hata senti. Ndiyo maana nanunua vipya kila nivionapo, na vya mtumba pale ambapo vipya havipo. Mwaka 2014 ilianzishwa Tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya uandishi wa Kiswahili, na mmoja wa waanzilishi wake ni Mukoma wa Ngugi, ambaye mwenyewe ni mwandishi wa riwaya ya upelelezi kwa Kiingereza, Nairobi Heat. Nimelifurahia hilo kuliko ninavyoweza kueleza. Tuzo ni nzuri. Lakini hakuna tuzo inayoweza kushika nafasi ya wanunuzi elfu chache wenye tabia ya kuinama na kuchukua kitabu kwa kuvutiwa na ukurasa mmoja tu.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Riwaya ya mtumba kwenye turubai huuzwa kwa bei inayokaribiana na sahani ya chipsi mayai. Mtu anayeacha ada ya mtoto akanunua vitabu ana tatizo ambalo halihusiani na vitabu. Sisi wengine tunajua tunachokula na tunachoacha.

Na kuhusu kutawanyika, kwamba mwenye rundo haishi kumaliza kitu: kwangu imekuwa kinyume. Nilipokuwa na kitabu kimoja nilikuwa nakivuta kama adhabu, nikikwama ukurasa wa 40 nikaacha kusoma kabisa hata mwezi mzima. Sasa nina pa kuchagua. Siku ya homa namhitaji Bwana Msa, taratibu, na mazungumzo yake ya barazani. Nikiwa nasubiri mwendokasi Kimara saa kumi na moja alfajiri namhitaji Gamba, mtu afe mapema nisisinzie. Usiku ambao umeme umekatika nasoma kwa tochi mwandishi nisiyemjua hata kidogo, kwa kuwa hakuna raha inayofanana na kutojua kama unayemfuata gizani anajua njia. Mara nyingine hajui. Nimekutana na riwaya ambamo muuaji ni mtu aliyetajwa kwa mara ya kwanza kurasa mbili kabla ya mwisho, nikakasirika nusura nikitupe kitabu. Lakini mwandishi huyohuyo alikuwa na mandhari moja ya bandarini usiku ambayo bado naiona, na nikiona kitabu chake cha pili nitainama.

Siku moja Ubungo nilinunua karanga za shilingi mia tano. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi ya kitabu. Nikaikunjua nimesimama kituoni, na mistari ya kwanza niliyoiona ilikuwa ya mtu anayeingia chumba cha hoteli akakuta kitanda kimetandikwa upande mmoja tu. Nikarudi kwa yule kijana mbio, nikamwomba anionyeshe kilichobaki. Kilikuwa kimebaki nusu. Alikuwa amekipata, alisema, pamoja na makaratasi mengine, kwa kilo. Akanipa bure, akishangaa.

Ninacho mpaka leo, ndicho kilicho chini kabisa ya rundo, na ndicho kitu ambacho ningependa shemeji yangu akione kabla hajanishauri tena. Hakina jalada, hakina jina la kitabu wala la mwandishi. Kinaanzia ukurasa wa 71 na kinaishia ukurasa wa 142, mlango unapogongwa. Nimewauliza watu wengi. Nimewasimulia kisa wauza vitabu wa Samora, wa Kariakoo, na wa Nairobi nilipokwenda msibani, na hakuna aliyekitambua. Huyu ni mwandishi niliyemgundua na nisiyemjua, na hakuna kanuni ya kumaliza kwanza ambayo naweza kuitii juu yake. Mwisho wake upo mahali fulani, kwenye gunia, kwenye stoo ya mtu, kwenye rundo la msomaji mwingine aliyekataa kusikiliza ushauri.

Jana jioni muuzaji wangu wa Samora alinipigia. "Dada, kuna mzigo umeingia. Nyumba ya mzee mmoja Magomeni, marehemu, watoto wameuza vyote. Magunia mawili, riwaya za Kiswahili tupu. Sijafungua bado."

Nimemwomba asifungue. Nitakuwa pale saa kumi na mbili na nusu, kabla turubai halijatandazwa, na nimechukua kiroba.